Mate Si Makohozi

Wewe unayesoma haya ukiwa kwenye benchi la hospitali na kikopo mkononi, nina ombi moja kabla hata sijajitambulisha. Ukiambiwa utoe makohozi, toa makohozi. Usitoe mate. Najua benchi limejaa watu, najua mwanamume aliye pembeni yako hujawahi kumwona, najua koo likianza kukwangua kila mtu atageuza shingo. Wewe toa tu. Mimi niliona haya, na haya yangu ilimgharimu mtu mwingine zaidi kuliko ilivyonigharimu mimi.

Jina langu ni Zaituni. Nimezaliwa Kondoa, nikaolewa Dodoma mjini na Jumanne, dereva wa idara moja ya serikali. Nilikuwa mpiga chapa mpaka ilipofika ile miaka ya kupunguza wafanyakazi. Tuliitwa ukumbini asubuhi, tukasomewa majina, na kufikia saa sita mashine yangu ya chapa ilikuwa imefunikwa kitambaa na mtu mwingine. Nikarudi nyumbani kukaanga vitumbua na kumlea binti yangu Rehema, aliyekuwa na miaka mitatu wakati huo.

Kiangazi cha mwaka huo nikasikia kuna daktari anatafuta watu wa kuzunguka vijijini kwa ajili ya utafiti wa kifua kikuu. Alitaka watu wanaojua kusoma na kuandika, wenye mwandiko mzuri, na wanaojua kuzungumza na wazee. Niliposikia hilo la wazee nikajua kazi ni yangu. Mama yangu alinilea kwa fimbo ya adabu, na mpaka leo siwezi kumpita mtu mzima bila kupunguza mwendo na kumwamkia.

Tulifundishwa siku tatu. Daktari alikuwa kijana mpole mwenye miwani, na dodoso lake lilikuwa na kurasa sita. Kazi yetu ilikuwa kumtafuta kila mtu mwenye kikohozi cha wiki tatu na zaidi, kumuuliza maswali, kisha kumpa kikopo. "Semeni makohozi," alituambia. "Makohozi ya kifuani. Neno lenyewe ni hilo, msilizunguke."

Mimi nililizunguka. Nyumba ya kwanza kabisa nilimkuta mama wa umri wa mama yangu. Nimempa shikamoo, ameniitikia marahaba, amenipa na maji ya kunywa, halafu sasa nimwambie anitolee makohozi? Ulimi uligoma. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mama, naomba mate kidogo tu, ya kupima." Mama yule akacheka, akatema, akanirudishia kikopo. Basi ikawa hivyo nyumba hadi nyumba. Wenzangu waliokuwa wanasema makohozi walitazamwa vibaya, na wengine walirudi na vikopo vitupu. Msimamizi wetu akawa anawaambia wenzangu, "Mfuateni Zaituni mjifunze, huyu harudi na kikopo kitupu hata siku moja." Nami nilivimba kichwa.

Kwa Bibi Peresi nilifika siku ya nne. Alikuwa mjane wa Kigogo, mwembamba, masikio yake yametobolewa kwa mtindo wa zamani na kurefuka, anaishi kwenye tembe pamoja na mwanawe Yoramu na mkwewe Damari. Wanawake wote wawili walikuwa wanakohoa. Nilimsalimia kwa maneno machache ya Kigogo ninayoyajua, "Mbukwa," akafurahi sana. Alitoa kigoda ndani, akakifuta vumbi kwa khanga aliyojifunga kiunoni, akakiweka kivulini kwa ajili yangu. Yeye mwenyewe alikaa chini. Nilipomwomba mate alijifunika mdomo kwa mkono mmoja, akatema taratibu, akanipa kikopo kwa mikono miwili. Damari naye akafanya vivyo hivyo.

Majibu tuliyapeleka karibu na mvua za kwanza. Nilikuwa naandika karatasi ndogo za wagonjwa kwa mkono wangu, kwa kuwa mwandiko wangu ulisifiwa: *Hakuna vijidudu vya kifua kikuu vilivyoonekana.* Chini yake mhuri, sahihi, na jina Zaituni. Bibi Peresi hakujua kusoma. Nilimsomea, akaipokea ile karatasi, akaikunja mara nne na kuifunga kwenye pindo la khanga. Damari ya kwake akaiweka ndani ya Biblia.

Baada ya hapo utafiti ukasimama kwa sababu ya mvua, na mimi nikaanza kukohoa.

Siwezi kusema nililipokea gonjwa hili wapi. Huenda ni kwenye kibaraza cha mmoja wa wale niliowaandikia kwamba ni wazima. Mwanzoni nilidhani ni vumbi la barabarani, halafu nikadhani ni baridi ya mvua. Maduka ya dawa yalikuwa yameanza kuchipuka kila mtaa, na mwenye duka alikuwa tayari kukuuzia vidonge vya rangi mbili viwili viwili kama peremende. Nikanywa vya duka hili, nikahamia duka lile. Masika yote nilikuwa naamka shuka limelowa jasho. Sketi zangu za kazini zikaanza kuzunguka kiunoni, zipu ikawa inahamia mbele yenyewe. Jumanne akasema, "Mama Rehema, umekuwa na kiuno cha msichana." Alikuwa anatania, lakini hakucheka, na siku hiyo hiyo alianza kulala kwenye mkeka sebuleni. Alisema ni joto.

Hatimaye nikaenda hospitali ya misheni, nje ya mji. Benchi la pale nililijua kwa msumari wake uliochomoza, maana nilikaa hapo siku tatu tofauti. Kila siku nilipewa kikopo. Sasa cheka nami, au nicheke: mimi niliyefundishwa siku tatu na daktari, niliyekuwa najua vizuri kinachotakiwa, niligeukia ukutani, nikajifunika kwa mtandio, nikatema mate. Upande mmoja alikaa shemasi mwenye suti, upande mwingine wanaume wawili wa mnadani. Kuvuta kitu kutoka kifuani mbele yao sikuweza. Nilijiambia kwamba darubini ina macho makali, kama kuna kitu itakiona tu.

Majibu yakarudi hasi, mara tatu. Nikafurahi kipumbavu, nikarudi nyumbani na kulala na Rehema kitanda kimoja kwa wiki tatu zaidi, shavu lake kwenye shingo yangu.

Nilirudi baada ya kuona damu kwenye leso. Safari hii mtu wa maabara, Bwana Lazaro, alitoka mwenyewe mlangoni na kikopo changu, akasoma jina kwa sauti mbele ya benchi zima.

"Zaituni ni nani?"

"Mimi."

"Dada, hiki ni nini?"

"Ni... ulichosema."

"Mimi nilisema makohozi. Haya ni mate. Nikikuomba mkojo utaniletea chai?"

Benchi likacheka. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini Bwana Lazaro hakuwa mtu mbaya. Alinipa kikopo kipya, akanielekeza nyuma ya jengo, kwenye ua wa minyaa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Huku hakuna mtu. Vuta pumzi mara tatu, kohoa kutoka tumboni. Chukua muda wako." Nikaenda. Nikakohoa mpaka nikapiga magoti. Kilichotoka kilikuwa kizito, cha kijani, na uzi wa damu ndani yake. Nilikitazama, na kitu cha kwanza kilichonijia akilini hakikuwa kufa kwangu. Niliviona vile vikopo vyangu vyote vya vijijini, safi, vyepesi, maji matupu.

Majibu yalitoka siku iliyofuata, kwa kalamu nyekundu, na alama tatu za kujumlisha. Nikalazwa.

Enzi hizo dawa zilikuwa za miezi minane, na miwili ya mwanzo ulipigwa sindano kila siku huku ukimeza vidonge mbele ya nesi. Sindano sitini. Mkojo unakuwa mwekundu mpaka unaogopa, kwa hiyo usiogope. Masikio yanapiga mluzi. Makalio yanakuwa na uvimbe kila upande, na unajifunza kukaa kwa pembe. Sikuhesabu siku kwa tarehe tena, nilihesabu kwa sindano.

Wodi yetu ilikuwa jengo la peke yake, mbali na mengine, na madirisha yake hayakuwa na vioo. Huo ulikuwa mwisho wa mavuno, na upepo wa kipupwe ulikuwa unaingia na vumbi na kutoka na vumbi. Wagonjwa tulikuwa wachache, na waliokuwepo walikuwa wamechoka kuzungumza. Jumanne alikuja sindano ya tatu, akaja ya kumi. Aliniletea kikombe na sahani kutoka nyumbani, na chini ya kikombe alikuwa amepaka rangi ya kucha, alama ya kwamba kisichanganywe na vingine hata kikirudi. Alisimama mlangoni. Wifi yangu Mwajuma alikuwa amemchukua Rehema kwenda naye Hombolo, na mtaani kwetu, Jumanne alinieleza huku akiangalia viatu vyake, watu walikuwa wanasema nimekanyaga waya, yaani nina ukimwi. Kila aliyekonda miaka ile alikuwa amekanyaga waya.

"Na wewe unasemaje?" nikamuuliza.

"Mimi sisemi kitu, Mama Rehema."

Huo ndio upweke wenyewe. Nilikuwa najua kwa hakika kwamba hakuna mtu duniani anayetaka kuvuta pumzi niliyoitoa mimi.

Nilipomaliza sindano ya kumi na tisa, wakamleta Bibi Peresi.

Sikumtambua uso, maana haukuwa na nyama. Nilitambua masikio. Yoramu alikuwa amembeba mgongoni kutoka kwenye lori la mahindi, akamlaza kitanda kilichopakana na changu. Nesi Yunisi, aliyekuwa msimamizi wa wodi, mama mnene asiyependa mzaha, alianza kumuuliza maswali na kuandika kwenye daftari.

"Unakohoa tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, kabla ya mvua."

"Mwaka jana! Sasa mlikuwa mnangoja nini nyumbani?"

Yoramu akajibu kwa hasira, "Alipimwa. Walikuja watu wa serikali wakampima, wakasema hana. Tunayo karatasi."

Bibi Peresi akafungua pindo la khanga. Karatasi ilikuwa imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Nesi Yunisi akaisoma kwa sauti: *Hakuna vijidudu vya kifua kikuu vilivyoonekana.* Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. "Mwandiko mzuri," akasema, akamrudishia.

Nilivuta blanketi mpaka machoni.

Naye hakunitambua. Mimi niliyekaa kwenye kigoda chake nilikuwa na mashavu na viatu vya kisigino. Huyu wa kitandani alikuwa mifupa na mtandio, na wodini wote waliniita Mama Rehema. Kwa hiyo nikanyamaza, na ninataka uelewe kwa nini, kwa sababu sikunyamaza kwa kuogopa tu. Asubuhi ya pili yake aliniuliza, "Mwanangu, umekula?" Tangu nilazwe hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Ndugu zake walikuwa wanamtumia chakula kwa watu waliokuwa wanakuja kliniki, ugali wa uwele na mlenda, naye alikuwa anakimega kwa mkono wake na kunisukumia nusu. Alikunywa maji kwenye kikombe changu chenye rangi ya kucha bila hata kukiangalia chini. Tulipotolewa juani kwenye kibaraza alikuwa ananisuka nywele, zile chache zilizobaki. Yeye alimwomba Mungu wake kwa Kigogo, mimi nikatandika mkeka wangu wa kuswalia pembeni. Nilikuwa nimepata mtu. Nikajua nikifungua mdomo nitampoteza.

Lakini alikuwa anaongea sana juu ya Damari. Mkwe wake yule alikuwa amebaki nyumbani akimaliza mavuno, na kikohozi chake kilikuwa kilekile. "Namwambia Yoramu amlete," alisema, "lakini Damari naye anayo karatasi. Yoramu anasema mimi ni mzee, kifua changu kimechakaa, ila mkewe karatasi inasema hana kitu." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Ana mimba, mwanangu. Ya kwanza iliyoshika."

Tangu aletwe zilipita siku kumi na tano nikiwa na siri hiyo. Siku kumi na tano! Nilijipa sababu zote. Nikasema daktari wa utafiti atagundua mwenyewe. Nikasema nitamweleza nesi kwa siri. Nikamweleza kweli nesi Yunisi, nusu nusu, bila kujitaja, kwamba kuna mama mjamzito kijijini anakohoa. Akanijibu kwamba pikipiki ya hospitali haina mafuta tangu mwezi uliopita na kwamba watu wanaokohoa kijijini ni wengi, yeye angeanza na nani. Hakusema kwa ubaya. Alisema huku anachemsha sindano zangu.

Siku ya sindano ya thelathini na nne tulikuwa juani. Bibi Peresi alikuwa nyuma yangu na chanuo. Nikasema bila kugeuka, kwa sababu nisingeweza kusema nikimtazama, "Bibi, ile karatasi niliiandika mimi."

Chanuo likasimama.

"Mimi ndiye Zaituni. Nilikaa kwenye kigoda chako. Nilitakiwa kukuomba makohozi, nikaona haya, nikakuomba mate. Mate hayana kitu. Karatasi ile ni ya uongo, na ya Damari ni ya uongo."

Alimaliza msuko aliokuwa ameushika, akaufunga, akasimama kwa kushika ukuta, akarudi ndani. Alilala amegeukia upande wa pili. Siku hiyo na siku iliyofuata chakula kilipokuja alikula chake, akaacha nusu kwenye sahani, hakunisukumia. Nilikuwa nimezoea upweke wa kukimbiwa na watu ambao sikuwakosea. Huu ulikuwa mwingine. Nililia na blanketi mdomoni nisimsumbue.

Siku ya tatu, baada ya sindano, nikasikia anazungumza akiangalia dari.

"Wewe unadhani ungesema hilo neno ningekupa?"

"Sijui, bibi."

"Ulikuwa mgeni. Umekaa kwenye kigoda changu. Nikutolee uchafu wa kifuani mbele ya macho yako? Hata mama yangu angefufuka anichape. Ungesema makohozi, ungesema nini, ningekupa mate tu, tena kwa heshima." Akakohoa muda mrefu. Nilisimama kumshika mgongo, hakunikataza. "Mlitakiwa kuondoka. Mseme, mtupe kikopo, mgeuke. Hivi hapo kwenye kusoma kwenu hakuna aliyewaambia mgeuke?"

Nikasema hakuna.

"Basi nyie wote hamkufundishwa."

Yoramu alipokuja kumwona, Bibi Peresi alimwambia yote mbele yangu. Nikamhakikishia kwa mdomo wangu kwamba karatasi ni ya uongo, amlete mkewe. Alinitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. "Siku ile ulikuja na gari la serikali," akasema, "na mhuri ulikuwepo. Leo uko kitandani na homa, unasema mengine. Nishike lipi?" Akaondoka. Hasira yake ilikuwa ya haki, lakini ilikuwa inamkaba Damari. Niligundua kwamba karatasi yangu ilikuwa na nguvu kuliko mimi.

Bibi Peresi hakuwa anapona. Dawa zilimkuta amechelewa sana, hata Bwana Lazaro alipokuja kuchukua kikopo chake alikuwa anatoka bila kutania. Miguu yake ilivimba. Aliacha kula ugali, akawa ananywa uji, kisha akawa analoweka midomo tu. Siku moja adhuhuri, mimi nikiwa na sindano arobaini na saba na yeye ishirini na nane, aliniita nimfungulie pindo la khanga.

"Chukua karatasi yako."

"Bibi..."

"Ni yako, mwanangu. Ukipona uende. Umwambie Damari neno lile, halafu ugeuke."

Alifariki kesho yake asubuhi, wakati wa chai, mkono wake ukiwa kwenye kitanda changu kwa sababu vitanda vilikuwa karibu. Walimchukua jioni. Siku kumi na tatu zilizobaki nililala nikiangalia godoro tupu lililokunjwa, na mpaka leo nikisikia harufu ya mlenda namkumbuka yeye kabla sijamkumbuka mama yangu mzazi.

Baada ya sindano ya sitini nilipimwa tena nyuma ya ua wa minyaa. Safari hii ilikuwa hasi ya kweli. Bwana Lazaro aliileta mwenyewe wodini, akaniambia, "Dada, hongera, na haya hayakuwa mate." Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu masika. Nikapewa vidonge vya miezi sita iliyobaki na kuruhusiwa.

Sikuanzia nyumbani. Nilienda kwanza kwa daktari wa utafiti, ofisini kwake, nikiwa na mfuko wangu wa nguo. Nilimwekea ile karatasi mezani na kumweleza kila kitu, kuanzia nyumba ya kwanza. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Nilitegemea anifukuze, na pengine ndivyo alivyotaka. Alifungua daftari kubwa, akaanza kuhesabu vikopo vyangu kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa, halafu akaacha kuhesabu.

"Tutarudia vyote," akasema. Baadaye akauliza, "Huyo bibi alisema mgeuke?"

"Alisema hivyo."

Akaliandika.

Tuliondoka baada ya siku nne. Zabibu zilikuwa zinaiva kwa mara ya pili, na upepo ulikuwa umetulia. Nilimwomba dereva tuanze kwa Bibi Peresi. Yoramu hakuwepo, alikuwa na ng'ombe. Damari alikuwa kivulini anapeta uwele, tumbo lake limejitokeza, mifupa ya shingo yake imejitokeza zaidi. Nilimsikia akikohoa kabla sijashuka kwenye gari.

Alinitambua. Alisimama, akaingia ndani, akatoka na kigoda. Kilekile. Alikifuta kwa khanga, akakiweka kivulini, akasubiri nikae, kwa sababu hata mtu aliyekuulia mkwe akija kwako ni mgeni.

Sikukaa. "Damari," nikasema, "mama aliniagiza kwako. Karatasi uliyonayo ni ya uongo, niliandika mimi. Nataka makohozi. Si mate. Makohozi, kutoka huku." Nilijipiga kifuani. Neno lile lilitoka zima, na hakuna kilichotokea, mbingu hazikuanguka.

Damari alinitazama. Macho yake yalijaa machozi, akayaacha yatiririke. "Alikufa vizuri?" akauliza.

"Alikufa akiwa ameshika kitanda changu."

Nikampa kikopo kwa mikono miwili. Kisha nikamwelekeza dereva arudi garini, nami nikatembea hadi kwenye zizi, nikashika miti yake na kugeuza mgongo. Zizi lilikuwa tupu. Nilisimama nikiangalia samadi na kwato za jana. Kwa muda hakukuwa na sauti yoyote, nikaanza kuogopa kwamba atatema tu, kwa heshima, kama mkwewe, na kwamba nitabeba tena kikopo chepesi mpaka mjini.

Halafu nikamsikia akivuta pumzi. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kikohozi kikaanza chini kabisa, kikapanda, kikamkamata na kumtikisa, na mimi nikakaza vidole kwenye miti ile nisigeuke. Kilichukua muda mrefu. Kisha kifuniko cha kikopo kikasikika kikizungushwa.

"Haya, mgeni," Damari akasema, sauti imekwaruzika. "Geuka. Yapo."